Abiria Aliyefika Kisondoka Mara Mbili

Kwanza niseme wazi kuwa nchi yetu haina tatizo lolote. Mkono wangu umezoea kuanza hivyo, kwa sababu ndiyo sentensi ya kwanza ya kila toleo la jarida ninalolihariri. Jarida linaitwa Msafiri Mwaminifu. Hutolewa kila Jumatatu na Wizara ya Anga, Malazi na Uaminifu, na kazi yake ni kuwapa wananchi habari za pointi, ofa na mapunguzo ya shirika letu la ndege na hoteli zake washirika. Naitwa Shaweji. Nimekuwa mhariri kwa miaka kumi na miwili, na katika muda wote huo sikuwahi kuandika habari mbaya, kwa kuwa hazikuwahi kuletwa mezani kwangu.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe limekodishwa kwa mdhamini hadi mwezi wa nane, na kulitumia bila kibali ni kosa.

Shirika letu lina ndege moja. Zamani ilikuwa ikiruka. Kila aliyeipanda alipewa pointi, na pointi zikitosha alipewa safari ya bure. Mpango huo ulipendwa mno. Mwaka wa tatu wataalamu wa wizara wakagundua jambo: shirika linapata hasara kila ndege inaporuka, lakini linapata faida kila pointi zinapogawiwa. Kamati ikaundwa. Baada ya vikao kumi na vinne, viwili kati yake vikiwa ufukweni, kamati ilishauri kwa busara kwamba shirika liendelee na pointi na liachane na kuruka.

Hivyo ndivyo zilivyoanza safari za mkao. Abiria hukata tiketi, hukaguliwa mizigo, hupanda ngazi, hufunga mkanda. Rubani Chambulikasi huwakaribisha kwa sauti yake nzito na kuwatajia hali ya hewa ya huko waendako. Injini moja huwashwa kidogo ili watu wasikie mngurumo. Karanga hugawiwa. Muda wa safari ukiisha, mlango hufunguliwa, kibao chenye jina la mji husimamishwa chini ya ngazi, na abiria huteremka wakiwa wamefika. Kompyuta huwaandikia maili zao zote.

Wageni huniuliza kama wananchi walilalamika. Hapana. Wengi wao walikuwa wanasafiri kwa ajili ya pointi, na sasa walizipata bila kizunguzungu. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Filemoni Kitandu, alizuru nchi arobaini na moja kwa mtindo huo, na kila alipoteremka alipokewa kwa ngoma na shada la maua. Wenye daraja la Dhahabu walipewa chumba chao cha kupumzikia, chenye makochi ya ngozi. Wenye daraja la Almasi wakaruhusiwa kutangulia foleni za hospitali na posta, na wakifa, kuzikwa karibu na lango la makaburi.

Safari ya kweli ilibaki moja tu katika masharti. Mwanachama atakayefikisha pointi za tiketi ya zawadi, ndege itaruka naye. Sharti hilo lilikuwa limetiwa saini na marais watatu na halikuweza kufutwa. Ila idadi ya pointi ingeweza kuongezwa, na iliongezwa kila mtu alipokaribia. Kwa miaka sita hakuna aliyefikisha. Jumatatu kwa Jumatatu niliandika idadi mpya kwa herufi kubwa, nikaweka na picha ya mawingu.

*

Bi. Kulwa Masanyiwa alikuwa mkunga wa serikali hadi alipostaafu. Siku zile ndege inaruka, wizara ya afya ilimtuma huku na huko kufundisha wakunga wa wilayani, ndiyo sababu alikuwa na pointi sitini na moja elfu na mia nne. Hakuwa na haja nazo. Alizisahau mpaka pacha wake alipompigia simu.

Pacha wake ni Bi. Doto, aliyeolewa Kisondoka, huko kaskazini. Walikuwa hawajaonana miaka tisa. Barabara ya Kisondoka ilikuwa haipitiki kwa sababu daraja la mto Mlowa lilivunjika. Habari hiyo niliiandika mimi mwenyewe ukurasa wa kwanza, pamoja na ofa ya punguzo kwa watakaokwenda kwa ndege.

Bi. Doto alimwambia hivi kwenye simu: "Kulwa, daktari anasema macho haya yamebakiza miezi. Mambo mengi nimeshayaona, siyadai. Nataka nikuone wewe tu. Kwenye kioo sijioni tena, naona moshi. Nikikuona wewe karibu, nitajiona na mimi."

Bi. Kulwa alikata simu, akavaa viatu, akaenda ofisi za shirika.

Kaunta ilikuwa ya Bi. Editruda, binti mpole mwenye miwani, ambaye ndiye aliyenisimulia haya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina pointi sitini na moja elfu na mia nne. Nimesoma kwenye jarida kuwa Kisondoka ni sitini elfu."

"Ni kweli mama, ilikuwa sitini mpaka saa tatu asubuhi. Sasa ni sabini. Hongera."

"Unanipongeza kwa lipi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye skrini, mama. Idadi ikipanda tu, inatoka hongera."

Bi. Kulwa hakugomba. Watu waliozoea kungoja watoto wazaliwe hawana papara. Aliuliza hizo zilizopungua zinapatikana wapi, na Editruda akamwonyesha ofa ya wiki, niliyoiandika mimi: ukikaa siku tatu Hoteli ya Utulivu, unapata pointi elfu tisa.

*

Hoteli ya Utulivu ina vyumba mia nne, na viwili kati yake vina vitanda. Vingine huitwa vyumba vya kisasa. Mgeni hujaza fomu ya kuridhika kabla hajaonyeshwa chumba, ili asije akaathiriwa na alichokiona. Fomu ina kisanduku kimoja, na Bi. Kulwa alikitia alama. Kwa heshima ya umri wake akapewa chumba chenye kitanda, pamoja na taulo, ambayo alitakiwa kuirudisha kila baada ya saa mbili ili itumike na ghorofa nyingine.

Siku ya pili, adhuhuri, alisikia mtu anaugulia jikoni. Mpishi wa hoteli alikuwa ameshikwa na uchungu, amejiinamia juu ya gunia la mchele, na meneja alikuwa amesimama mbele yake akimsomea kanuni inayokataza wafanyakazi kulala kazini. Bi. Kulwa alimsogeza meneja kando kwa kiwiko.

"Chemsha maji, baba. Kisha niletee taulo zote mlizonazo."

"Taulo ni za wageni, mama."

"Mgeni anakuja."

Mtoto alizaliwa kabla ya saa nane, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Meneja alifikiri sana. Mwishowe alifungua kitabu akamwandikisha mtoto kama mgeni aliyeingia bila mizigo, aliyeletwa na Bi. Kulwa Masanyiwa. Na kwa mujibu wa masharti, mwanachama anayemleta mgeni mpya hupewa pointi elfu tano.

Asubuhi ya siku ya nne Bi. Kulwa alikuwa kaunta mapema. Editruda alijumlisha. Zilitimia sabini na tano elfu na mia nne.

"Kisondoka sasa ni sabini na tano elfu, mama," alisema. "Ilipanda jana."

"Basi zinatosha."

Editruda alitazama skrini. Idadi ikibadilishwa, hubadilishwa saa tatu kamili asubuhi, na ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini ikiwa pointi zimetosha. Aliniambia kuwa kidole chake kilikuwa kizito kama si chake. Akabonyeza. Mashine ya tiketi, iliyokuwa imefunikwa kitambaa kwa miaka sita, ilikohoa, ikatoa karatasi.

"Ficha, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda nayo nyumbani."

*

Wizarani kuliitishwa kikao cha dharura. Nilikuwepo, kuandika kumbukumbu.

Rubani Chambulikasi aliitwa aeleze hali ya ndege. Alieleza kuwa ndani ya injini ya kulia wanaishi kunguru, na ya kushoto inawaka lakini peke yake haiwezi kuipeleka ndege popote. Leseni yake mwenyewe ilikuwa ya mkao tangu zamani.

Waziri alisimama. Huwa anasimama hata akitaka kuomba maji.

"Ndugu zangu," alisema, "kuruka ni kutoka ardhini, na ardhi hii imekombolewa kwa jasho. Taifa linaloruka ruka haliwezi kutulia. Bibi huyu atapelekwa Kisondoka kwa heshima zote, kwa utaratibu wetu tuliouzoea."

Tukapiga makofi. Niliandika: makofi ya muda mrefu.

Siku ya safari Bi. Kulwa alisindikizwa na pikipiki nne. Alibeba begi moja na kitenge kipya cha kumpelekea mdogo wake. Alikalishwa dirishani. Rubani akatangaza kuwa Kisondoka kuna mawingu kiasi na upepo wa wastani, injini ya kushoto ikanguruma, karanga zikapita. Baada ya saa moja na dakika kumi mlango ulifunguliwa na rubani akatoka kumpa mkono.

"Karibu Kisondoka, mama."

Bi. Kulwa alikuwa bado anatazama nje. "Rubani, baba yangu, yule pale ni mfyeka majani niliyemwacha nikipanda."

Rubani alichungulia. "Naye amefika, mama."

"Na gari lile jeupe?"

"Lilitangulia."

Waliangaliana. Rubani Chambulikasi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na aliniambia kuwa hapo alitamani sakafu ya ndege ipasuke. Alichoweza kufanya ni kumbebea begi hadi chini ya ngazi, na kumwomba radhi kwa sauti ambayo kinasa sauti hakikuishika. Bi. Kulwa alipita chini ya kibao cha KARIBU KISONDOKA, akatembea hadi kituo cha basi, akarudi nyumbani kwake mtaa wa Mikoroshini akiwa na begi na kitenge chake.

*

Mambo yangeishia hapo kama Waziri wa Barabara asingeicheka safari hiyo katika Baraza la Mawaziri. Waziri wetu alikasirika, akaagiza uletwe ushahidi kuwa abiria amefika. Picha ya Bi. Kulwa ikatumwa ofisi yetu ya Kisondoka, kwa afisa aitwaye Mpangala, mtu mwaminifu kupita kiasi. Mpangala alizunguka sokoni na picha mkononi, akiuliza kama kuna aliyemwona mama huyu.

"Huyu?" alisema muuza dagaa. "Asubuhi tu alikuwa hapa, ananibishia kipimo."

Mpangala aliuliza watu saba na katekista mmoja. Wote walikuwa wamemwona. Wengine walimwona kanisani. Akatuma taarifa: abiria yupo, ana afya, ameshazoea mazingira.

Sikumbuki furaha kama ile wizarani. Hata sisi wenyewe hatukuwa tumetarajia. Waziri alilia mbele ya kamera, akasema kuwa wataalamu wa mataifa makubwa walipoteza karne nzima wakitengeneza mabawa, kumbe kinachotakiwa ni kiti na imani. Ilitangazwa mapumziko ya nusu siku. Niliandika kichwa cha habari kikubwa kuliko vyote maishani mwangu: AMEFIKA.

Hakuna aliyeuliza kama bibi ana pacha. Fomu ya uanachama haina sehemu ya ndugu.

Kwa Bi. Kulwa, furaha hiyo ilianza kumletea shida siku ya pili yake. Alikwenda kuchukua dawa za presha, mhudumu akamtazama kwa masikitiko. "Mama, faili lako limehamishiwa Kisondoka. Wewe uko huko." Alikwenda ofisi ya wastaafu, akaambiwa vivyo hivyo. Bomba lake la maji lilifungwa, kwa kuwa nyumba isiyo na mtu haioni kiu. Mjumbe wa mtaa alipita nyumba hadi nyumba akiwaonya majirani wasiitikie salamu zake, maana kumjibu mtu ambaye hayupo ni kueneza uvumi. Majirani hawakuwa wabaya. Walimwitikia kwa macho, na mmoja alimwachia ndoo ya maji mlangoni huku akiongea na ukuta.

Wiki ya pili alikuja ofisini kwangu.

Nilikuwa nimeagizwa na Waziri nikamhoji, huko huko Kisondoka, kwa toleo maalumu. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeshapanda ndege, nimekula karanga zangu na kuteremka chini ya kibao. Kwa hiyo tulikuwa wawili ofisini, na kwa mujibu wa kompyuta sote hatukuwepo.

"Wewe ndiye Shaweji?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia umeagizwa unihoji."

"Ndiyo mama. Kisondoka."

"Basi twende Kisondoka."

Nilimweleza kwa upole kuwa barabara imekatika na daraja la Mlowa limevunjika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mkunga anavyomsikiliza mwenye uchungu anayesema hawezi tena.

"Tutakwenda mpaka hapo lilipovunjikia," alisema. "Halafu tutaona."

Sijui kwa nini nilichukua koti langu. Nadhani ni kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akinitarajia popote.

*

Tulipata lori lililokuwa likirudi tupu vijiji vya upande huu wa Mlowa baada ya kushusha vitunguu. Dereva hakuuliza daraja letu la uanachama. Njiani Bi. Kulwa hakuzungumza sana. Aliniambia kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa dakika kama ishirini, na kwamba Doto hajawahi kumsamehe kwa hilo. Walipokuwa wasichana waliweza kubadilishana darasani bila mwalimu kujua. Hawakuwahi kununua kioo nyumbani kwao. Mmoja akitaka kujua kama nywele zimekaa vizuri, alimtazama mwenzake.

"Sasa yeye anasahau sura yake," alisema. "Na mimi ndiye niliye nayo."

Kesho yake asubuhi lori lilipunguza mwendo, likasimama. Tulikuwa Mlowa.

Daraja lilikuwepo. Lilikuwa zima, la chuma na zege, na tangu mwanzo hadi mwisho lilikuwa limeanikwa mihogo. Akina mama watatu walikuwa wanaigeuza kwa fimbo. Mkubwa wao alitusogelea akiomba radhi kuwa itabidi tungoje waondoe ili lori lipite.

"Lilitengenezwa lini?" nilimuuliza.

"Lipi?"

"Daraja. Si lilivunjika?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Hili halijawahi kuvunjika, kaka. Magari ndiyo yaliacha kuja. Tulingoja mwaka mzima, tukaona eneo zuri hivi, lina jua na halina kuku, linakaa bure."

Bi. Kulwa aliteremka. Alitembea hadi katikati ya daraja akikwepa mihogo, akaweka mkono juu ya chuma. Aliporudi hakuwa amekasirika usoni, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nani aliandika kuwa limevunjika?"

"Taarifa ilitoka wizarani, mama. Wakati ule ndege ilikuwa inakosa abiria wa huku."

"Nimeuliza nani aliandika."

Maji ya mto yalikuwa yanapita chini ya daraja. Nilisema, "Mimi."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alivua begi begani akanipa, na kuanzia pale mpaka tulipofika nililibeba mimi, hata tukiwa tumekaa ndani ya lori, kwenye mapaja yangu. Tulisaidiana na akina mama kuondoa mihogo. Kazi ile ilituchukua saa mbili. Kumbe mihogo iliyoanikwa hapo miaka minane, kila kipande kina mahali pake.

*

Kwenye kizuizi cha kuingia Kisondoka tulimkuta Mpangala na daftari lake, akiandikisha waliofika. Kwa kuwa ndege haikuja kamwe na barabara haikuwa na magari, daftari lilikuwa safi sana.

"Jina?"

"Kulwa Masanyiwa."

Alipekua. "Mama, wewe umeshafika. Tarehe nane. Nilikuthibitisha mwenyewe."

"Huyo si mimi."

"Picha ni yako. Na huwezi kuingia mjini ilhali uko ndani. Ukiingia tena utakuwa umezidi."

"Basi niruhusu nikamwone huyo aliyefika," alisema Bi. Kulwa. "Tukionana sisi kwa sisi, tutaamua nani atoke."

Mpangala aliona kuwa hoja hiyo haina kasoro. Alifunga kizuizi, akatuongoza yeye mwenyewe, daftari kwapani.

Bi. Doto alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage kwa vidole, hatazami. Bi. Kulwa alisimama mbele yake na kivuli chake kikaangukia kwenye ungo.

"Sogea kidogo," Bi. Doto alisema. "Unaniziba mwanga, na wenyewe ninao kidogo."

"Umekuwa mkali tangu lini?"

Vidole vilisimama. Bi. Doto aliweka ungo chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga, kumbe alishamwaga. Alimshika dada yake mkono, akamtoa uani penye jua kali, akamzungusha huku na huku akitafuta upande ambao macho yake bado yanaona. Alipoupata alisogea mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Alimtazama paji la uso. Akatazama mashavu, moja baada ya jingine, kisha shingo, kisha nywele, ambazo zote zilikuwa nyeupe. Nilikuwa nimesimama na begi, sijui niangalie wapi.

Mpangala aliwaangalia wawili hao, akaangalia picha, akaketi juu ya kinu. Nilimwona akifuta, akiandika, akifuta. Mwishowe alinisomea, kwa sauti ya mtu aliyechoka: abiria mmoja, amefika mara mbili, apewe maili maradufu.

*

Uchunguzi wa abiria aliyefika mara mbili ulifanyika, na hakuna aliyeonekana na kosa. Mimi nilituma habari ya daraja kwenye jarida, nikaiweka ukurasa wa ofa, ambao wakaguzi huwa hawausomi: Kisondoka, siku mbili kwa lori, hakuna pointi, daraja lipo. Wiki iliyofuata magari yalianza kufika. Akina mama wa Mlowa walilalamika, na wana haki.

Waziri alitangaza kuwa daraja limekamilika baada ya ukarabati mkubwa wa miaka tisa, na akaja kulizindua. Alikuja kwa safari ya mkao. Utepe ulikatwa uwanja wa ndege, mbele ya kibao kilichoandikwa DARAJA. Ngoma zilikuwa nzuri, nilizisikia kwenye redio. Bi. Editruda alipandishwa cheo na kuhamishiwa idara isiyo na kaunta. Ananiandikia barua kila mwezi. Rubani Chambulikasi aliomba kustaafu, akaambiwa ashafika kwenye kustaafu tangu mwaka juzi.

Mimi sikurudi. Kompyuta inaonyesha nilikwenda Kisondoka na haionyeshi kuondoka, na nimegundua kuwa hakuna mwenye uwezo wa kulibadilisha hilo, hata mimi. Nimepanga chumba nyuma ya soko. Bi. Kulwa naye alibaki kwa mdogo wake. Faili lake la presha, kama walivyomwambia, lilikuwa limemtangulia.

Alikubali nimhoji mara moja tu. Nilimuuliza angependa kuwaambia nini wanachama wa mpango wa uaminifu. Alifikiri, akasema wakisikia mahali fulani hapapitiki, waende wakapaangalie.

Macho ya Bi. Doto yalizima mwezi wa pili baada ya sisi kufika. Nilikwenda kumpa pole na kilo ya sukari. Alikuwa kibarazani palepale na ungo wake, dada yake pembeni akimsuka nywele.

"Pole ya nini, mwanangu," alisema. "Nilishajiona. Nilikuwa nadhani nimezeeka vibaya zaidi."

"Kaa sawa," Bi. Kulwa alimwambia, akamgeuza kichwa.